Mtumba wa Merikani

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, wageni wetu, na ninyi vijana mliochagua viti vya karibu na mlango ili mpate pa kutorokea, habari za jioni.

Mwalimu aliyenialika aliniambia nichague neno lolote, mradi liwe limeanza kusahaulika. Nikamwambia nitakuja na "merikani". Simu ikanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Marekani ile nchi?" Nikamjibu kwamba ni hiyo hiyo, ila nchi yenyewe leo tutaipitia kwa mbali. Nadhani alijuta, lakini kadi za mwaliko zilikuwa zimeshasambazwa.

Nianze na kisa. Wiki tatu zilizopita nilikwenda Kariakoo kutafuta kitambaa cha kushonea mto. Mjukuu wangu anataka mto wa sufi kama wangu, na sufi haikai kwenye kitambaa cha hivi hivi. Hupenya, asubuhi ukaamka na ndevu nyeupe ambazo hukulala nazo. Nikaingia duka la kwanza, nikamwambia kijana aliyekuwa kaunta, "Mwanangu, nikatie merikani, mita nne." Akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama babu yake aliyepotea njia. "Mzee," akasema, "mitumba ya Marekani nenda Karume. Sisi hapa tunauza vitu vipya."

Nilitoka pale nikicheka peke yangu hadi muuza karanga mmoja akanipisha njia. Kijana yule alikuwa amekutanisha maneno mawili, mtumba na merikani, ambayo miaka 150 iliyopita yalitoka pamoja hapa hapa Bagamoyo, yakapandishwa begani, yakatembea mpaka Ujiji. Nitayarudia. Kwanza nguo yenyewe.

Merikani ni kitambaa cha pamba kilichofumwa wazi, uzi juu uzi chini, kikatoka kiwandani bila kupaushwa wala kutiwa rangi. Weupe wake ni wa maziwa ya mtindi, na ukikitazama kwa karibu unaona vipunje vyeusi, mabaki ya mbegu za pamba yaliyoponyoka mashine. Bibi yangu mzaa mama alikuwa nacho kwenye sanduku la bati, chini kabisa, chini ya kanga za harusi. Alipopelekwa dukani hakuangalia rangi. Alishika pindo kwa vidole viwili, akakisugua karibu na sikio lake. Nilidhani ni ushirikina. Kumbe alikuwa akisikiliza dondo.

Dondo ni ule wanga unaopakwa kwenye kitambaa kipya kikakamae. Nguo hafifu hujazwa dondo ionekane nzito, na sauti yake ni kavu, kama karatasi. Ukiifua mara moja, dondo lote linabaki kwenye beseni na mkononi unabaki na wavu wa kuvulia dagaa. Merikani nzuri, alivyokuwa akisema bibi, "haipigi kelele". Na kadiri unavyoifua ndivyo inavyolainika na kuwa nyeupe. Dada yangu mkubwa alikuwa na gauni la shule lililozaliwa likiwa shuka la mzee wetu, na lilipostaafu ugauni likawa nepi za kitinda mimba. Hapo ndipo safari yake ilipoishia, na sitaingia ndani zaidi.

Sasa jina. Nikiwa darasa la tano mwalimu alitufundisha kwamba "-ni" mwishoni mwa neno huonyesha mahali: nyumbani, shuleni, sokoni. Nikanyoosha mkono nikauliza: kwa hiyo Marekani ni kwa Mareka, na huyo Mareka ni nani? Mwalimu alinitazama kama mtu aliyeletewa deni la jirani. Jibu, ambalo nililipata nikiwa mtu mzima, ni kwamba "-ni" hiyo haina uhusiano na mahali. Waarabu husema "amrikani" kwa maana ya kitu au mtu wa Amerika, na mabaharia wa huko kwenyewe walijiita "American". Ulimi wa pwani ukalipokea neno, ukadondosha "a" ya mwanzo, ukaongeza irabu ya mwisho ili neno lipate pa kukaa. Likawa amerikani, merikani, marekani. Burton, yule msafiri Mwingereza, alipoondoka pwani mwaka 1857 kwenda kutafuta maziwa ya bara, aliliandika "merkani" katika orodha ya bidhaa zake, na hakuwa na maana ya nchi. Alikuwa na maana ya nguo.

Ndiyo hoja yangu ya jioni hii, niiseme mapema kabla hamjasinzia. Kwa watu wengi wa bara, merikani ilikuwa kitu cha kuvaa kabla haijawa nchi kwenye ramani. Walimjua Mmarekani kwa jora lake. Walijua uzito wa nchi ile kwa vidole, kama bibi yangu, miaka mingi kabla hawajamwona mtu wa kule. Majina mengi ya nchi tuliyapata shuleni au serikalini. Hili lilikuja limefungwa kamba.

Lilikujaje? Tuanzie Salem, bandari ndogo katika jimbo la Massachusetts. Kuanzia miaka ya 1820 manahodha wa Salem walikuwa wakipita Rasi ya Tumaini Jema na kuja Unguja kutafuta pembe za ndovu, ngozi, karafuu na sandarusi. Sandarusi mnaijua? Ni utomvu wa miti ya kale uliogandia ardhini. Ulichimbwa huku huku Mrima, nyuma ya mji huu, ukapelekwa Salem kusafishwa, ukawa vanishi ya samani na magari ya farasi. Pembe nazo zilikwenda mpaka Connecticut, kwenye miji ya Deep River na Ivoryton, zikakatwa kuwa vitana na vibonye vya piano. Upo uwezekano mkubwa kwamba mabinti wa Boston walijifunza muziki kwa kubonyeza ndovu wa Unyamwezi.

Manahodha hao walihitaji kitu cha kuleta. Fedha taslimu hawakupenda kuitoa. Wakati huo huo, kwao, viwanda vya pamba vilikuwa vinaota kando ya mito kama uyoga, Lowell ukiwa mji maarufu kuliko yote, na vilitoa kitambaa kizito, rahisi, kisichopaushwa. Wakakijaribu Unguja. Kikapendwa. Tarehe 21 Septemba 1833, Seyyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, na mjumbe wa Marekani aitwaye Edmund Roberts walitia saini mkataba wa biashara huko Muscat, ushuru wa forodha ukawekwa asilimia 5. Mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, akafika Unguja kuwa konsuli. Waingereza walileta wa kwao mwaka 1841. Kwa hiyo bendera ya nchi ya Magharibi iliyotangulia kupepea Unguja juu ya nyumba ya konsuli iliwekwa pale kwa ajili ya kuuza nguo na kununua pembe. Mwaka 1840 Seyyid Said naye akatuma chombo chake, Sultana, mpaka New York, kikiongozwa na Ahmad bin Naaman. Kilirudi na bidhaa nyingi, yakiwemo marobota ya merikani.

Waingereza na viwanda vya Bombay walijaribu kuisukuma merikani ile itoke sokoni, na kwa muda mrefu hawakufua dafu. Mnunuzi wa Tabora hakuwa mjinga. Alikuwa na vidole kama vya bibi yangu.

Hapa niseme jambo ambalo wasimulizi wa biashara hii hulipita mbio. Pamba ya viwanda vile ililimwa na watumwa kusini mwa Marekani. Ikasokotwa na kufumwa Massachusetts, ikavuka bahari, ikafika Unguja, na huko ndiyo ikawa nguo ya mtumwa. Katika mashamba ya karafuu, mtu wa mali alivaa kanzu nzuri na joho. Mtumwa alipewa kipande cha merikani, au kaniki, ile nguo iliyochovywa nili mpaka ikawa nyeusi. Mwanamke aliifunga kifuani chini ya kwapa, mabega wazi, kichwa wazi. Ungeweza kusimama kwenye kona ya Mji Mkongwe ukajua daraja la kila anayepita bila kumwuliza jina. Mtumwa wa Georgia na mtumwa wa Unguja hawakujua kama wanaishi katika dunia moja, na uzi ule ule ulipita mikononi mwa mmoja ukaja kukaa kiunoni mwa mwingine.

Ndiyo maana soko la watumwa la Unguja lilipofungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ulipofutwa kisheria huko mwaka 1897, wanawake wengi waliotoka utumwani waliiacha merikani na kaniki haraka sana. Kanga ilikuwa ndiyo kwanza inachanua, yenye rangi, yenye pindo, baadaye yenye maneno. Kuvaa kanga kulikuwa kutangaza kwamba mimi si wa mtu. Mnapomsikia bibi akisema "siwezi kuvaa merikani mbele za watu", msidhani ni suala la mitindo. Kuna jambo kubwa zaidi analolikataa, hata kama mwenyewe hajui tena ni lipi.

Bara mambo yalikuwa tofauti, na huko ndiko neno hili lilikozaa watoto wengi.

Kwanza vipimo. Merikani ilipimwa kwa mkono, maana yake kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ilikuwa shuka moja, kama yadi mbili. Shuka mbili zilikuwa doti, mikono minane. Jora zima la merikani lilikuwa kama yadi 30. Mmeona wenyewe ubovu wa kipimo hiki. Bibi alisimulia kwamba mwenye duka hupima kwa mkono wake, na mnunuzi mwenye akili huja na mjomba mrefu. Ugomvi wa nusu saa kuhusu kiwiko kianzie wapi ulikuwa sehemu ya bei.

Sasa angalieni yaliyowapata maneno hayo. Shuka lilikuwa kipimo, leo ni kitu cha kutandika kitandani. Mmasai naye anaita shuka lile vazi lake jekundu la miraba. Wamasai walikuwa wavaa ngozi, na nguo ya dukani ilipoanza kuenea kwao ilikuwa merikani hii hii, wakaipaka udongo mwekundu na mafuta mpaka ikafanana na ngozi waliyoizoea. Miraba ilikuja baadaye sana. Kwa hiyo watalii wanapopiga picha "vazi la asili", asili hiyo inapitia Salem. Simwambii hivyo Mmasai mwenye rungu, nawaambia ninyi.

Doti imebaki kwenye kanga. Hakuna mwanamke wa pwani anayeingia dukani akasema nipe yadi nne za kanga. Anasema doti, na anajua ni vipande viwili visivyokatwa. Jora limebaki kwa mafundi cherehani. Mkono peke yake ndio uliostaafu.

Halafu mtumba. Tajiri wa msafara alinunua majora Unguja, akayavusha bahari mpaka hapa Bagamoyo, na hapa yakafungwa upya kwa ajili ya bega la mtu. Majora yalipangwa, yakabanwa kwa nguvu, yakafungwa kwa kamba ya makumbi, pembeni vijiti vya kuyashikilia yasipinde. Mzigo ulitoka mrefu na mgumu kama mto mkubwa wa kitandani, uzito wake frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30. Mzigo huo ndio ulioitwa mtumba. Mpagazi, mara nyingi Mnyamwezi aliyejiajiri mwenyewe kwa ujira, aliubeba kutoka hapa mpaka Tabora, mwendo wa miezi. Nimewahi kubeba gunia la kilo 30 kutoka kituo cha basi mpaka nyumbani kwangu, hatua 200, na nilipumzika mara nne.

Kwa nini wabebe nguo na wasibebe fedha? Kwa sababu nguo ndiyo iliyokuwa fedha. Stanley, alipotoka hapa mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alieleza kwamba barani shanga zilikuwa kama sarafu za shaba, nguo kama sarafu za fedha, na waya kama dhahabu. Ukataka mbuzi, unatoa nguo. Ukataka mtumbwi wa kuvukia mto, nguo. Na fedha hiyo ilikuwa na adabu zake, kila nchi na nguo yake. Mahali walitaka kaniki, mahali walitaka nyekundu iliyoitwa bendera, kwa sababu ilikuwa nyekundu kama bendera ya Sultani. Merikani ilikuwa salama karibu kila mahali. Kiongozi wa msafara aliyebeba nguo isiyotakiwa alikuwa sawa na mtu aliyefika Kigoma na mfuko wa noti zilizofutwa.

Na ikiwa nguo ndiyo fedha, mshahara wa njiani utakuwa nini? Mpagazi alikatiwa kipande chake cha kununulia chakula cha siku kadhaa. Posho hiyo. Neno lile lile. Huku Tanzania likapanda cheo, likaenda mjini, likawa posho ya kikao na posho ya safari. Kenya na Uganda likashuka likarudi jikoni, likawa unga na ugali. Mganda akikwambia amekula posho ameshiba, na mtumishi wa Dodoma akikwambia amekula posho, mwulize ya siku ngapi.

Lililo chungu zaidi ni hongo. Msafara ukiingia Ugogo, nchi kame, ulipita kwenye visima vya watu na mashamba ya watu, na misafara mingine ilikuwa na mamia ya midomo. Mtemi alitoza hongo kabla hajaruhusu mtu kuteka maji au kusonga mbele. Majadiliano yalichukua siku nzima, wakati mwingine siku tatu, na malipo yalihesabiwa kwa doti na shuka. Wazungu wakaandika kwa uchungu kuhusu uroho wa watemi wa Ugogo, na sisi tumeirithi hasira yao pamoja na neno. Leo hongo ni rushwa, kitu cha kupitishwa chini ya meza. Lakini mtemi yule hakuwa na meza. Alitoza hadharani, mbele ya wazee wake, kwa ajili ya maji yake, kama forodha ya Unguja ilivyotoza asilimia 5 na hakuna aliyeiita rushwa. Kama kuna neno katika Kiswahili lililosingiziwa, ni hilo. Sisemi turudi nalo, wakubwa wa TAKUKURU wasije wakanielewa vibaya.

Turudi kwenye merikani, maana inakuja sehemu ninayoipenda.

Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikalipuka Marekani. Pamba ya kusini ikakwama, viwanda vya kaskazini vikakosa malighafi, bei ikapanda, na kufikia mwaka 1865 vita vilipokwisha nafasi ya Salem ilikuwa imeshadhoofika. Mfereji wa Suez ukafunguliwa mwaka 1869, Manchester ikawa karibu zaidi na sisi. Kwa kawaida biashara ingeishia hapo na jina lake lingekufa nayo. Jina halikufa. Bombay ikafuma kitambaa cha aina ile ile, kikauzwa kwa jina la merikani. Manchester vivyo hivyo. Kufikia miaka ya 1930 ilikuwa ikitoka Japani kwa wingi, na bado mwenye duka wa Mombasa au Mwanza aliandika daftarini mwake, merikani. Watu wa kwetu walikuwa wameshaamua kwamba merikani ni jinsi uzi ulivyosokotwa na jinsi nguo inavyofuliwa. Ilipotoka ilikuwa shauri lake.

Nikiwa mwanafunzi nililiona jambo hilo kama upumbavu wa wenye maduka. Siku hizi naliona kama kazi nzuri ya lugha. Neno lilikuja na muhuri wa mwenyewe, likapoteza mwenyewe, likabaki na kazi. Wakashonea kanzu za wanafunzi wa misheni, wakashonea tanga za vyombo vidogo huko kaskazini mwa pwani, wakatia godoro na mito. Kwenye uganga kuna nguo tatu mpaka leo, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Nyekundu ni bendera, nyeusi ni kaniki, na nyeupe ni merikani au bafta, kutegemea mfuko wa mgonjwa. Bafta ni nyepesi, na ndiyo inayojulikana zaidi kwa sanda. Bibi yangu aliusia azikwe kwa bafta, siyo kwa merikani yake. Merikani, alisema, bado ina kazi hapa duniani. Na kweli, sanduku lilipofunguliwa baada ya arobaini, shangazi zangu walikaribia kukosana kwa ajili yake.

Haya yote hayakuja bila mtu kulipia. Kabla ya merikani watu wa huku walifuma wenyewe. Kilwa wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, uzito wa pia ya kusokotea uzi. Wafipa walikuwa wafumaji wenye sifa, nguo zao nzito zenye pindo la rangi. Mfumaji wa mkono hawezi kushindana na kiwanda kinachoendeshwa na mto, hata kama kiwanda hicho kiko ng'ambo ya bahari mbili. Tuliacha pia ya kusokotea tukabaki na hodari wa kusikiliza dondo.

Na sasa yule kijana wa Kariakoo. Kariakoo penyewe, kwa wasiojua, ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ni neno la Kiingereza lililovalishwa kanzu. Kwa hiyo nilikuwa nimesimama katika mtaa wenye jina la wapagazi, nikiulizia nguo ya wapagazi, nikajibiwa kwa jina la mzigo wa wapagazi.

Mnajua mtumba wa leo ukoje. Ni robota lililobanwa kwa mashine, limefungwa kwa mikanda ya plastiki. Likikatwa linapumua kabla halijafunguka, na mashati ya watu wa Ohio yanachomoza moja moja. Mengi yanatoka kule kule ilikotoka merikani ya kwanza. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni kufikia mwaka 2019. Wauzaji wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, nafasi ya kuuza nguo zetu huko bila ushuru kupitia AGOA, mpango wa biashara wa Marekani kwa nchi za Afrika, ikawekwa mezani, na nchi zetu, moja baada ya nyingine, zikarudi nyuma. Rwanda ilikataa, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishwa kwenye mpango huo. Wachumi watawaeleza nani alikuwa sahihi. Nilichokiona mimi ni kwamba mzigo ulibadilika, bei ikabadilika, uzi wenyewe ukawa na plastiki ndani, na neno la kuuita tulikuwa nalo tayari, linasubiri tangu enzi za misafara. Watu wakaliokota bila kikao cha istilahi.

Sikukata tamaa siku ile. Nilizunguka maduka matano. La sita lilikuwa dogo, giza, na kaunta ya mbao iliyolainika kwa viwiko. Nyuma alikaa mzee wa Kihindi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Msaidizi wake akaanza kunieleza habari za Karume. Mzee akainua kichwa. "Merikani?" akauliza. "Mita ngapi?"

Akakiteremsha mwenyewe kutoka rafu ya juu, jora lililoshika vumbi. Akapima kwa ule ufito wa chuma uliopigiliwa kwenye ukingo wa kaunta, mita nne. Ni kama doti moja na kaziada kadogo, sikumwambia. Akatia mkasi kidogo pindoni, kisha akauweka chini, akashika kwa mikono miwili na kuchana moja kwa moja, sauti ile mnayoijua, na uzi haukukengeuka hata mmoja. Nikashika pembe, nikasugua karibu na sikio. Akatabasamu. Nikageuza ukingo nitazame chapa. China. Nikamwuliza, "Mzee, merikani ya China?" Akanijibu huku akiandika risiti, "Merikani ni merikani, bwana."

Kitambaa chenyewe nimekuja nacho, hiki hapa. Nitakipitisha kuanzia mstari wa mbele, kila mmoja akishike, akisikilize kama anaweza, kisha ampe jirani. Vijana wa mlangoni, kikifika kwenu naomba kirudi. Kuna mtoto nyumbani anasubiri mto.